Baa 400

Ijumaa hiyo wingu zito lilikuwa limetanda juu ya Nairobi, na kila mkazi wa Rongai anajua kwamba tone la kwanza likidondoka, nauli ya matatu hupanda kabla mwavuli haujafunguka. Ilikuwa saa tisa alasiri. Mbele yangu palikuwa na sampuli 15 za vidonge vyenye aspirini, parasetamoli na kafeini, na kila moja ilihitaji dakika 20 kupita kwenye kolamu ya kromatografia, ule mrija unaotenganisha dawa moja na nyingine ili kila moja itoke na kilele chake, yaani jumla ya saa tano za kutazama mstari ukipanda na kushuka kwenye skrini.

Njia halali ya kuharakisha kazi ilikuwapo: kolamu fupi iliyojazwa chembe ndogo zaidi, ambayo sisi hatukuwa nayo. Nikaongeza mwendo wa pampu kutoka mililita 1 hadi 2 kwa dakika. Shinikizo, ambalo hupimwa kwa baa, likapanda kutoka baa 140 hadi 280, kama nilivyotarajia, nami nikajiona bingwa. Tamaa ikanizidi, nikapandisha asetonitrili, kiyeyusho kinachochanganywa na maji ili kusukuma dawa ndani ya kolamu, kutoka asilimia 30 hadi 85. Shinikizo likashuka, kwa kuwa mchanganyiko huo ni mwepesi, nami nikadhani ni baraka. Dakika moja na robo baada ya kuingiza sampuli, dawa zote tatu zikatoka zimekumbatiana katika kilele kimoja, mithili ya abiria wa kiti cha nyuma.

Nilichosahau ni kwamba maji yale yalikuwa na chumvi ya fosfeti, na chumvi hiyo haipatani kabisa na asetonitrili nyingi. Ilijitenga ikawa punje ndani ya mirija. Baa 300. Baa 370. Ilipofika 400, kikomo tulichokuwa tumeiwekea, pampu ikalia na kuzima, na mvua nayo ikaanza.

Tiba ya jambo hilo ni moja tu, nayo haina haraka: maji matupu yenye uvuguvugu, mililita 0.2 kwa dakika, hadi chumvi iyeyuke. Saa tatu usiku mke wangu akapiga simu.

“Baba Neema, uko wapi?”

“Nimekwamishwa na baa, mama. Zilifika 400.”

Akanyamaza kidogo, nikasikia sufuria ikifunikwa.

“Basi hiyo ya 400,” akasema, “ndiyo ikulaze.”