Sayari nane na viatu viwili

Hasira zangu hazipigi hodi. Machozi nayo ni hivyo hivyo: mtoto wa mwenzangu akipewa zawadi shuleni, nalia mimi kabla ya mama yake. Sasa Mungu akanipa Junior, miaka tisa, kichwa kama kamusi, na moyo uleule wa mama yake. Hapa kwetu Pasua wali ukiungua wanajua mpaka nyumba ya tatu.

Mjomba wake ni mgumu, anabebea watalii mizigo Kilimanjaro. Ndiye aliyemwambia kwamba Shira na Mawenzi ni volkano zilizokufa, ila Kibo imelala tu. Tangu siku hiyo natangaziwa hali yangu kila asubuhi. "Leo mama ni Shira," yaani kuna amani, hela ya andazi inaombeka. "Leo mama ni Kibo," pita kwa kunyata. Na kuna siku za Ol Doinyo Lengai, ule mlima wa upande wa Arusha uliotapika majivu mwaka 2007. Siku hizo hata paka hashindi ndani.

Jioni moja akarudi, begi halijatua: "Mama, mwalimu amenipa sifuri kwenye sayari."

Sifuri! Mtoto anayeosha vyombo huku akizitaja moja moja, kuanzia iliyo karibu na jua! Sikulala. Saa nane usiku jibu likanijia: mwalimu bado anaihesabu Pluto, na Pluto ilishaondolewa kwenye orodha ya sayari mwaka 2006. (Najua kwa sababu Junior aliwahi kuililia. Nikalia naye. Mtu mzima, naililia Pluto.)

Asubuhi umeme hakuna. Nikavaa gizani, nikapapasa viatu kwenye gunia la biashara pale mlangoni, tukadaka Hiace. Jirani yangu nesi alishanifundisha: kabla hujafungua mdomo, hesabu mpaka kumi. Nikawa nahesabu ndani ya daladala, Junior nimempakata. Mguu wa kulia unanibana, nikajua ni hasira. Mtoto akaniwekea kiganja kifuani, akatulia kama daktari.

"Lengai," akanong'ona.

Konda akadai nauli. Nikamjibu, "Saba!"

Ofisini walimu walikuwa sita, wanakunywa chai. Sikusalimia hata mmoja. Nikamwaga yote: Pluto, mwaka 2006, vipaji vya watoto wa maskini vinavyozimwa, jasho langu la mitumba pale Memorial. Machozi yalishafika kidevuni. Mwalimu wake akaniacha nimalize, akavuta droo.

"Mama Junior, hebu soma."

Swali la kwanza: Taja sayari nane. Nane! Pluto haimo. Chini yake, kwa mwandiko ule ule unaonipa orodha ya vitabu anavyotaka: "Mwalimu anazijua."

Swali la pili lilitaka kujua kwa nini sayari hazitoki kwenye njia zake. Hapo kajaza ukurasa, kageuza nyuma, kamalizia pembeni kwa kupanda juu, mishale kila mahali. Kumi juu ya kumi, na "Safi sana" iliyopigiwa mistari miwili.

"Nilikuwa nakuandikia barua uje," mwalimu akasema, "tuone namna ya kumpa kazi ngumu zaidi. Hizi zinamchosha."

Kisha akatazama chini. Walimu wote wakatazama chini. Nami nikatazama.

Cheusi na cha kahawia. Vyote vya kushoto. Na mimi ndiye muuza viatu!

Mmoja akapaliwa na chai. Nikaomba radhi, nikaamkia niliopaswa kuwaamkia tangu mlangoni, nikatoka nachechemea. Kwenye korido nikamshika Junior bega.

"Viatu hukuviona?"

"Niliviona tangu nyumbani."

"Ukanyamaza!"

"Ulikuwa unahesabu, mama. Niliogopa kukupotezea namba."