Kuruka jino moja la taimingi: nguvu inatoka wapi?

Jumamosi, kwenye gereji moja ya Tabata, nilimkuta kijana na Corolla 110 yake. Kava la taimingi, yaani la mkanda unaounganisha krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) na kamshafti (shafti inayofungua na kufunga valvu), lilikuwa limeshafunguliwa, na alikuwa anamwomba fundi aruke jino moja kwenye puli ya kamshafti ili gari ianze kuchanganya. Fundi alicheka. Mimi sikucheka, maana anachokitaka kijana kina msingi.

Valvu ya kuingiza hewa haifungi pistoni ikifika chini. Inachelewa makusudi, pistoni ikiwa imeshaanza kupanda. Injini ikizunguka kasi, hewa nayo inakuja kwa kasi na inaendelea kujisukuma ndani, hivyo kuchelewa kunalipa. Ikizunguka taratibu, sehemu ya hewa hiyo inarudishwa ilikotoka. Ukiwahisha kamshafti, yaani ukiirusha jino mbele, valvu inafunga mapema na gari inapata nguvu ya kuondokea. Ukiichelewesha, nguvu inapanda kwenye mizunguko ya juu na chini unabaki mzito. Nguvu imehama tu, hujaongezewa kitu.

Kwa dereva wa Dar, basi, kuwahisha ndiko kwenye hoja. Anayetoka Kimara saa moja asubuhi kwenda mjini ni nadra mshale wake wa mizunguko upite 3,000. Nguvu ya mizunguko 6,000 ataionea wapi, Ubungo?

Tatizo ni jino lenyewe. Puli ya krenki ikiwa na meno 20, jino moja ni nyuzi 18 za krenki. Wanaoifanya kazi hii kwa vipimo hufunga puli maalumu yenye boliti za kulegeza, wakasogeza nyuzi 2 au 4, kisha wakapima nguvu kwenye mashine. Kuruka jino ni kutia chumvi kwa beleshi: gari inatetemeka ikiwa imesimama inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, ukiwasha AC inataka kuzima. Na kwa injini ambazo valvu na pistoni zinapishana nafasi ileile, ukikosea zaidi valvu zinapinda, uanze kuulizia injini ya mtumba.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalihesabu. Pale distribyuta, kifaa kinachogawa moto kwa plagi, inapozungushwa na kamshafti, ukisogeza jino umesogeza na moto wa plagi. Huenda utamu unaousikia ni wa moto kuwahi, na huo ungeupata kwa kulegeza boliti za distribyuta bila kugusa mkanda. Ukizidisha, injini inagonga.

Wenye IST hawana haja ya mjadala huu. VVT-i inaisogeza kamshafti ya kuingiza hewa yenyewe kwa presha ya oili, kulingana na mwendo. Wazo si geni: Alfa Romeo waliliweka kwenye gari la kuuzwa mwaka 1980. Ila ukikaa na oili chafu mpaka ikawa lami, mfumo huo unalala, na hapo wapo wanaokimbilia kulaumu taimingi.

Turudi Tabata. Kabla ya kugusa chochote, fundi alizungusha krenki hadi alama ya sifuri, akainama na tochi ya simu. Alama ya kamshafti ilikuwa nyuma jino zima. Aliyebadilisha mkanda kabla yake aliufunga hivyo. Akaruka jino moja mbele, kama kijana alivyoomba, na malipo yakawa ya kufunga mkanda tu.