Mwenye kisukari, usiitupe chupa ya mafuta: ipime

Mtu akiambiwa ana kisukari, kwanza anaacha sukari kwenye chai. Pili anaacha mafuta: mchicha unachemshwa kwa chumvi tu, samaki anachomwa mkavu, karanga zinapigwa marufuku. Kinachofuata hakitajwi sana, nacho ndicho kinachomharibia. Mboga isiyo na mafuta haina ladha wala haikai tumboni, basi ugali unaongezwa. Robo kilo ya unga wa sembe ikisongwa na kuliwa na watu wawili, kila mmoja ameingiza wanga unaozidi gramu 90, na karibu wote utageuka glukosi, yaani sukari ya damu. Kijiko cha mafuta alichokikimbia hakina hata gramu moja ya wanga.

Ushauri wa "acha mafuta" ukitolewa hivyo hivyo, bila kugusa sahani ya wanga, naona ni nusu ya ushauri. Wanga ndio unaoamua mashine ya kupima sukari itasoma ngapi baada ya kula. Mafuta yana hesabu nyingine: moyo, mishipa na uzito. Hesabu hiyo si ndogo, maana mwenye kisukari yuko karibu zaidi na kiharusi na mshtuko wa moyo kuliko jirani yake asiye nacho. Ndiyo maana swali la kwanza ni mafuta gani, la pili ni kiasi gani.

Yanayopandisha lehemu (kolesteroli) mbaya ni yale ya jamii inayoganda. Katika mafuta ya alizeti, jamii hiyo ni kama asilimia 11 tu. Katika mawese ni karibu nusu, samli zaidi ya nusu, na mafuta ya nazi yanapita asilimia 80. Usiyapime kwa macho: mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzijoto 24 hivi, kwa hiyo Dar es Salaam yanamiminika kama maji, yakifika Mbeya mwezi wa saba yanakuwa jiwe. Ni yale yale. Sisemi watu wa Pwani waache nazi, na nani atanisikiliza nikisema hivyo? Lakini samaki wa kupaka kwa tui zito la kwanza ni chakula cha siku moja moja, na maharage ya kila siku yanatosha kwa tui jepesi, au kwa karanga za kusaga.

Hispania walifanya utafiti mkubwa unaoitwa PREDIMED, uliochapishwa 2013 na kuchapishwa upya 2018 baada ya kasoro za upangaji wa washiriki kurekebishwa. Walikuwa watu wenye hatari kubwa ya moyo, karibu nusu yao wakiwa na kisukari. Waliopewa mafuta ya zeituni au njugu kwa wingi walipata matatizo ya moyo na kiharusi pungufu kwa takriban asilimia 30 kuliko walioshauriwa kupunguza mafuta. Zeituni dukani kwetu bei yake haisemeki, wala haina ulazima. Parachichi, korosho na karanga zina kwa wingi asidi ile ile ya mafuta iliyomo kwenye zeituni. Nusu parachichi pembeni ya mboga, kisha ugali upunguzwe hadi robo ya sahani: hapo utaona tofauti kwenye mashine.

Kiasi sasa. Kijiko kikubwa cha mafuta kina gramu 14 na kalori 120 hivi, yawe ya alizeti au ya zeituni. Kosa la jikoni ni kumimina kutoka kwenye chupa kwa kukadiria. Weka kijiko kando ya jiko na uhesabu: vijiko viwili kwa mtu kwa siku, basi lita moja katika nyumba ya watu wanne inapaswa kufika siku 8. Ikiisha siku ya nne, mnakunywa mafuta. Karanga nazo ni konzi moja dogo, gramu 30, si pakiti nzima mbele ya televisheni.

Chipsi mayai, pilau na biriani vina hila yao. Mafuta mengi huchelewesha chakula kutoka tumboni, hivyo ukipima baada ya saa 2 unaweza kuona namba nzuri ukajipongeza, kumbe sukari inapanda saa ya 4 au ya 5. Anayetumia insulini ya haraka anaweza hata kushuka kwanza, kisha akapaa usiku. Siku ya chakula kama hicho pima mara mbili, uandike, umpelekee daktari daftari; usijiongezee dozi kichwani. Kwa sababu hiyo hiyo, sukari ikishuka chini ya 4 (mmol/L) usipewe chapati wala chokoleti. Koroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, kunywa, subiri dakika 15, pima tena.

Kuna pia wanaokata wanga karibu wote na kula nyama na mafuta. Sukari hushuka kweli miezi ya mwanzo, ingawa tafiti zinaonyesha kwamba ikifika mwaka faida hiyo hupungua sana. Ninachokipinga ni kuanza kimyakimya. Anayemeza glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, au kuchoma insulini, akiendelea na dozi ya zamani, anaweza kuanguka kwa sukari kushuka siku za kwanza kabisa; dozi ipunguzwe na daktari kabla ugali haujaondoka mezani. Anayetumia dapagliflozini au empagliflozini, vidonge vinavyotoa sukari kwa njia ya mkojo, asijaribu kabisa bila daktari: damu inaweza kujaa asidi wakati mashine inaonyesha namba isiyotisha. Akianza kutapika, tumbo kuuma na kupumua kwa kasi, aende hospitali saa hiyo hiyo na ataje jina la dawa anayotumia.