Nusu Sekunde ya Taka: Sanaa ya Plastiki Inafanya Kazi Gani?

Mwaka 2018, katika mfereji wa mji wa Bruges nchini Ubelgiji, alichomoza nyangumi wa plastiki mwenye kimo cha zaidi ya mita 11. StudioKCA, kampuni ya wasanifu, ilimuunda kwa takriban tani 5 za plastiki zilizookotwa Hawaii. Sasa tupige hesabu. Kwa makadirio ya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, mwaka 2019 dunia ilizalisha tani milioni 353 za taka za plastiki, yaani tani 11 na ushei kila sekunde. Nyangumi mzima, mkia na mapezi, hafikii taka za nusu sekunde.

Hesabu hiyo ndiyo silaha ya wanaoibeza sanaa hii, na haina kosa. Ila inaipima sanamu kwa kazi isiyo yake. Hakuna anayelilaumu bango la barabarani kwa kutojitupa mbele ya gari. Sanamu nayo ipo ili ionekane, na plastiki ina shida ya kutoonekana: ikishatoka mkononi huenda shimoni, mtoni au chini ya bahari, na mtumiaji haioni tena. Kuirudisha mbele ya macho, kwa ukubwa usiokwepeka, ni kazi ambayo takwimu peke yake haiiwezi.

Basi lawama ziwaendee wanaojisifu kwa kilo. Tangazo likisema sanamu “imeokoa mazingira kutoka kwa chupa 1,000”, kumbuka kwamba chupa tupu ya nusu lita ina gramu 10 hadi 20. Chupa elfu moja ni kilo 10 hadi 20, mzigo wa mtu mmoja asiye na haraka. Zinajaza chumba kwa sababu ni hewa tupu.

Tena chupa hizo ndizo plastiki isiyohitaji sana kuokolewa. PET, plastiki ya chupa za maji na soda yenye namba 1 ndani ya pembetatu, ndiyo inayotafutwa zaidi na wachakataji, ikifuatwa na polithini ngumu ya namba 2, ile ya madumu na vifuniko vingi. Wasanii huzipenda kwa sababu zinang'aa na ni rahisi kukata. Lakini chupa ikishapakwa rangi na kumwagiwa gundi, hakuna mchakataji atakayeitaka: taka yenye thamani imegeuzwa taka isiyo na thamani, kwa jina la mazingira. Wakosoaji wana haki kabisa hapa. Plastiki inayostahili kuwa sanaa ni ile isiyo na mnunuzi: pakiti za tabaka nyingi zenye plastiki na alumini, mirija, nyavu zilizochakaa, ndala zilizokatika, vipande vilivyopauka kwa jua hadi havijulikani ni vya nini.

Vipande visivyo na namba hutenganishwa kwa maji. Kata kidogo, tumbukiza kwenye ndoo yenye tone la sabuni ili viputo vya hewa visikudanganye. Polithini na polipropilini, ile ya vyombo vingi vya chakula, huelea. PET, PVC (ile ya mabomba ya maji) na plastiki ngumu ya polistirini huzama. PVC ndiyo ya kuiogopa, kwa maana ikipashwa moto hutoa gesi ya asidi ya haidrokloriki. Ipo njia ya zamani ya kuibaini: pasha waya wa shaba nje penye upepo, uguse plastiki, kisha urudishe waya motoni. Mwali ukigeuka kijani, kuna klorini. Kipande hicho kisikaribie pasi wala bunduki ya hewa moto.

Kuosha nako kuna mtego. PET hulegea kuanzia nyuzi 70 hivi, kwa hiyo maji yanayochemka huikunja chupa kama jani lililonyauka. Maji ya vuguvugu na sabuni yanatosha. Zikaushwe kabisa. Chupa iliyofungwa na unyevu ndani huota ukungu, na ikipigwa na jua hewa hutanuka na kuvimbisha au kufyatua kifuniko. Toboa tundu dogo upande wa chini.

Sanamu nyingi huharibika kwenye maungio. Polithini na polipropilini hazishiki gundi. Gundi ya moto hubanduka kama kigaga, na rangi vivyo hivyo. Hiyo rangi inayobanduka huanguka chini ikiwa vipande vidogo vya plastiki, na mvua huvipeleka kule kule sanamu ilikotuonya tusivipeleke. Dawa ni kupanga vipande kwa rangi zake za asili na kuvifunga kwa waya usioshika kutu, skrubu au riveti. Vibano vya nailoni visivyo vyeusi hukatika mapema juani. Karatasi ya polithini ngumu yenye urefu wa mita 2 inaweza kurefuka kwa karibu milimita 9 joto likipanda nyuzi 30, hivyo matundu ya skrubu yawe marefu, la sivyo itapinda au kupasuka. Ukitaka kitambaa cha mifuko, panga tabaka 6 hadi 8 za mifuko laini kati ya karatasi mbili za kuokea, upige pasi ya joto la wastani huku madirisha yakiwa wazi. Ikitoboka, joto limezidi.

Kukata na kupiga msasa huzaa unga wa plastiki. Katia juu ya turubai, kusanya chengachenga zote, na msasa utumie ukiwa na maji. Ni kazi ya kuchosha, na kwa kweli karakana nyingi huiruka.

Tuache karakana, tutazame ujumbe. Sanamu ya kasa aliyebanwa na mifuko humwambia mtazamaji, wewe ndiye uliyetupa. Ni kweli kwa sehemu, na humpendeza sana mfadhili anayetengeneza vifungashio hivyo, kwa kuwa jina lake halitajwi. Mwaka 2022, mkutano wa mazingira wa Umoja wa Mataifa ulipofanyika Nairobi, msanii Benjamin Von Wong alisimamisha bomba kubwa linaloning'inia hewani likimwaga taka. Swali lilihama kutoka kwa aliyetupa hadi kwa aliyefungua bomba. Tarehe 2 Machi nchi zilikubaliana kuanza kujadili mkataba wa plastiki. Kusema bomba lile ndilo lililozisukuma kungekuwa kutia chumvi. Mazungumzo ya Geneva ya Agosti 2025 yalimalizika bila makubaliano, na moja ya mambo yaliyoyakwamisha ni lile lile la bomba: kuweka au kutoweka kikomo cha uzalishaji.

Jahazi la Flipflopi, lililozinduliwa Lamu mwaka 2018, mwaka ule ule wa nyangumi, lilikwenda njia nyingine. Lina urefu wa mita 9, limejengwa kwa takriban tani 10 za plastiki na kuvalishwa ndala zipatazo 30,000, na mwaka 2019 lilisafiri hadi Zanzibar. Mafundi walilazimika kujua plastiki inapindaje na inashikaje msumari, maana bahari haihurumii kazi mbovu. Sanamu ya maonyesho haipati mtihani wa namna hiyo, na ndiyo maana nyingi hutoka karakana zikiwa dhaifu kuliko maelezo yake.

Mtihani wake huja siku ya kuondolewa. Polithini na polipropilini zisizo na kinga ya jua huanza kupauka na kukatika baada ya miezi kadhaa nje, kwa hiyo kazi ya nje inahitaji tarehe ya kuibomoa kabla haijaanza kumwaga chembe, jina la atakayeibomoa, na orodha ya kila aina ya plastiki iliyomo pamoja na uzito wake. Bandika orodha hiyo pale pale kwenye sanamu, watazamaji waisome. Sanamu iliyofungwa kwa waya hufunguliwa kwa koleo na kila kipande kurudi kwenye gunia lake. Iliyogandishwa kwa gundi huenda dampo nzima nzima, fremu na kibao cha maelezo vikiwa juu yake.