Mtoto haongei darasani, tatizo ni shule au nyumbani?

Walimu wa awali na la kwanza huku Dodoma wana lalamiko moja, watoto tunaoletewa hawajui kuongea, ukimuuliza jina anaangalia chini. Wazazi nao wanajibu sasa si ndo maana tumewaleta shule jamani? Mi naona kila upande una hoja ila kuna kitu unakikwepa.

Tuanze na walimu maana ndo wanaotupiwa mawe. Elimu bila ada ilivyoanza 2016 madarasa yalifurika, kwenye makaratasi ni watoto 25 kwa mwalimu darasa la awali na 45 msingi, lakini kwenye shule nyingi hiyo 45 ni ndoto. Darasa likiwa na watoto mia, ukimpa kila mmoja dakika moja tu aongee kipindi kimeisha hata nusu hujafika, kwa hiyo mwalimu anaishia kwenye "tumeelewaaa?" "ndiyooo mwalimu!" na kusema kweli pale hakuna mtoto aliyeongea, wameitikia tu. Halafu mtihani wa darasa la saba ni wa kalamu, kueleza jambo kwa mdomo hakuna maksi, sasa mwalimu anayepimwa kwa ufaulu ahangaike nako kwa nini?

Ila hapo hapo siwaachii. Watoto wawili wa dawati moja wanaweza kusimuliana walichofanya jana, kisha wachache wasimame waseme mwenzao kasema nini, hiyo haihitaji bajeti. Shida itakuwa kelele, mwalimu mkuu akipita dirishani anaona darasa limemshinda mtu. Ukimya tumeufanya ndo nidhamu.

Nyumbani sasa. Huko Bahi, Chamwino, Mpwapwa wengi wanakua na Kigogo, Kondoa Kirangi, Chemba kuna Kisandawe. Huyo huyo anayeitwa bubu darasani mkute machungani, anakusimulia mbuzi alivyopotea, nani alimwona wa mwisho, nani anasingiziwa, haachi kitu! Kuna wanaosema lugha ya kwao iachwe ili Kiswahili kiingie haraka, na kweli anayekisikia tangu mdogo anaanza mbele kwa sababu ndo cha kufundishia. Lakini mtoto anayejua kusimulia kwa Kigogo kupanga habari anajua tayari, kapungukiwa maneno tu, na ukimkaripia kwa sababu ya Kigogo chake anajifunza jambo moja, kunyamaza.

Kwangu mimi mtoto wa mjini ndo ananitia wasiwasi zaidi (najua nitapingwa). Serikali ilivyohamia huku, mitaa kama Ilazo na Kisasa imejaa wafanyakazi, mtoto yuko ingilishi midiamu, na nyumbani mzazi naye anamsemesha Kiingereza cha kuungaunga, kamu, siti dauni, iti. Maongezi yote yanakuwa amri. Zinazobaki ni katuni, na katuni haimsubiri mtu ajibu. Mzazi katoka kazini Mtumba, kwenye ofisi za serikali, jioni kachoka namwelewa, lakini hatuongelei saa nzima, hata dakika za kuchambua mlenda zinatosha kama swali lina mahali pa kwenda. "Umekula?" "Ndiyo", imeisha hiyo. Muulize leo nani kagombana na nani darasani uone kama atanyamaza.

Halafu kuna ile ya wakubwa wakiongea mtoto kimya. Adabu siipingi, ila zamani mtoto alinyamazishwa mchana, usiku anategewa vitendawili kwa bibi na zamu yake anapata. Siku hizi kunyamazishwa kumebaki, zamu haipo.

Ukinibana niseme, miaka ya mwanzo mzigo mkubwa ni wa nyumbani, ila wanaomfunga mdomo mtoto aliyekuja anaongea vizuri tu ni shule. Vikao vya wazazi vinaisha kwenye michango ya chakula na matokeo ya mtihani, wakati mwalimu angeweza kutaja watoto ambao hajasikia sauti zao mwezi mzima, na mzazi akamwambia huyo nyumbani anaongea nini, na kwa lugha gani.