Mizunguko ya Zohali na korja zisizokwisha

Kwenye baraza moja la Ngamiani, hapa Tanga, baada ya sala ya isha, kijana anayesomea ualimu wa hisabati alisema kuwa namba shufwa peke yake ni nyingi sawasawa na namba zote, shufwa na witiri zikiwekwa pamoja. Mzee aliyekuwa akimenya chungwa alimjibu kwa hoja ya Imam Ghazali: "Mwanangu, jua huzunguka mara moja kwa mwaka, sayari ya Zohali mara moja kwa miaka 30. Kama mizunguko hiyo haikuwa na mwanzo, ya Zohali ni sehemu moja ya 30 ya mizunguko ya jua, na yote miwili haina idadi. Itakuwaje? Na jumla yake ni shufwa au witiri?" Baraza likacheka, kijana akanyamaza.

Naandika kwa sababu alinyamaza mapema mno. Hoja ya mzee ni nzito, lakini kila inaposimuliwa kwetu husimuliwa kana kwamba imefunga mlango, na upande wa pili huonekana ni mchezo wa maneno wa watu waliokosa kazi. Sivyo.

Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alikuwa akiwajibu wanafalsafa waliomfuata Aristotle katika kudai kuwa ulimwengu haukuwa na mwanzo. Aristotle mwenyewe alikubali kutokuwa na mwisho kwa namna moja tu: mstari unaweza kugawanywa, ukagawanywa tena, na kazi hiyo isiishe, ila haifiki siku ukawa na vipande vyote mkononi. Ghazali aliwabana hapo hapo. Miaka iliyopita si kazi inayoendelea, imeshapita yote. Basi kama haikuwa na mwanzo, kile alichokikataa mwalimu wao kimeshatimia. Ibn Rushd, mwanafalsafa aliyemtetea Aristotle, alijibu kwamba uwiano wa 1 kwa 30 upo kati ya vipande vyenye mwanzo na mwisho, wala hauhamii kwenye vizima visivyo na mwanzo wala mwisho. Na kabla ya wote hao mwanahisabati Thabit ibn Qurra wa Harran, aliyefariki mwaka 901, alikwisha kukubali bila wasiwasi kuwa shufwa hazina mwisho, nazo ni nusu ya namba ambazo pia hazina mwisho. Kwa hiyo mjadala huu haukuletwa na meli ya Wazungu. Hata maneno shufwa na witiri, anayoyakuta mtoto darasani, huwa ameshayasikia madrasani katika Sura ya Al-Fajr.

Wote hao, kwa maoni yangu, walipita juu ya swali dogo: kusema vitu hivi ni vingi sawa na vile ni kusema nini? Mtazame muuza kahawa anapogawa vikombe barazani. Hahesabu watu wala vikombe. Akiona kila mtu ameshika kikombe kimoja, na mkononi mwake hakikubaki hata kimoja, ameshajua kuwa watu na vikombe ni sawa, hata kama hajui ni tisa au kumi na moja. Georg Cantor, mwanahisabati aliyefundisha Halle, Ujerumani, katika karne ya 19, alichukua kipimo hicho hicho: makundi mawili ni sawa ikiwa kila kimoja cha huku kinaweza kupewa mwenzake mmoja wa kule, asibaki mpweke upande wowote.

Sasa irudie hoja ya Zohali kwa boriti za mikoko, zinazouzwa kwa korja, yaani ishirini ishirini. Ukiwa na boriti 400, korja ni 20, na hakuna ubishi kwamba korja ni chache kuliko boriti. Lakini tuseme boriti haziishi: kuna ya 1, ya 2, ya 3, na kuendelea. Zifunge, kisha uzipe korja nazo namba zake. Boriti ya 7 ipe korja ya 7. Boriti ya 5,000 ipe korja ya 5,000, ambayo ipo, kwa kuwa imefungwa kwa boriti za 99,981 hadi 100,000. Nitafutie boriti moja iliyokosa korja, au korja moja iliyokosa boriti, hutaipata. Weka 30 mahali pa 20, mizunguko ya jua mahali pa boriti na ya Zohali mahali pa korja, uhesabu kutoka leo kurudi nyuma, na ajabu ya Ghazali inabaki kuwa ajabu lakini haiwi tena mkanganyiko. Moja kwa thelathini ni habari ya namna ya kufunga. Habari ya wingi ni nyingine.

Shufwa au witiri? Zifunge boriti hizo mbilimbili: hakuna inayobaki, basi ni shufwa. Iweke ya 1 kando, ufunge ya 2 na ya 3, ya 4 na ya 5: imebaki moja, basi ni witiri. Wingi ni ule ule. Ghazali aliuliza kisicho na mwisho kitapungukiwaje na kimoja, na aliuliza vizuri. Hakipungukiwi. Lililobaki ni ile dhana kwamba kila wingi lazima uwe ama shufwa ama witiri, usiwe vyote viwili, na dhana hiyo tumeizoea kwa sababu machungwa yetu huisha.

Nakiri kwamba hapa kanuni ya kale, kuwa kizima hukizidi kipande chake, imevunjika. Galileo aliliona hilo mwaka 1638 alipolinganisha namba na vipeo vyake vya pili, akaamua kuwa maneno "zaidi" na "sawa" hayafai mahali pasipo na mwisho. Naye alinyamaza mapema. Maana mwaka 1891 Cantor alitoa hoja fupi ya kuonyesha kuwa "zaidi" ipo hata huko. Orodhesha desimali zilizo kati ya 0 na 1: ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila kukoma. Mimi nitaandika desimali, nikizikwepa tarakimu 0 na 9, ambayo tarakimu yake ya kwanza ni tofauti na ya kwanza ya desimali yako ya kwanza, ya pili ni tofauti na ya pili ya desimali yako ya pili, na kadhalika. Desimali yangu haimo popote katika orodha yako. Vikombe vimegawiwa vyote, na bado kuna watu mikono mitupu.

Wapo wanahisabati waliokataa, na hawakuwa wajinga. Kronecker, na baadaye Brouwer, walitaka hisabati ishike kile kinachoweza kujengwa hatua kwa hatua. Hilbert, mtetezi mkubwa wa Cantor, alikiri mwaka 1925 kwamba kisicho na mwisho hakipatikani popote katika maumbile. Tena mwaka 1963 mwanahisabati Paul Cohen alikamilisha kazi aliyoianza mwenzake Gödel, ikathibitika kuwa kanuni za kawaida za seti, yaani za makundi ya vitu, haziwezi kuamua kama kuna wingi wowote kati ya ule wa namba za kuhesabia na ule wa desimali. Anayeuliza vitu hivyo vipo wapi ana haki ya kuuliza.

Wengine barazani huogopa kuwa kuukubali wingi huo ni kumpa kiumbe sifa ya Muumba. Cantor, aliyekuwa mtu wa dini, aliiona hofu hiyo: mwaka 1886 aliandikiana na kadinali Franzelin akitenganisha wingi wake usio na mwisho na ukamilifu wa Mungu usiopimika. Mimi naamini ulimwengu una mwanzo, na siihitaji hoja ya Zohali ili niamini hivyo.

Usiku wa pili nilimweleza mzee habari ya boriti. Alisikiliza hadi mwisho, akakubali kuwa korja hazikosi boriti. Kisha akauliza: "Na wewe umeanza kuhesabu leo ukirudi nyuma. Aliyezifunga, alianzia wapi?" Hilo ni swali la wakati, na kwa hilo ulinganishaji wa vikombe hauna la kusema.