Nani Atapiga Deki? Wazazi wa Mijini na Sanaa za Kuchafua

Tangu mtaala wa umilisi (CBC), unaosisitiza kutenda kuliko kukariri, uanze kufundishwa kote nchini Kenya mnamo Januari 2019, kuanzia madarasa ya awali ya PP1 na PP2 hadi Gredi ya 3, wazazi wamelalamika kwa sauti kubwa kuhusu gharama ya vifaa na wingi wa kazi za nyumbani. Malalamiko hayo yalifika Mahakama Kuu mwaka 2021, na mwaka uliofuata Rais akaunda jopo la kuuchunguza mfumo mzima wa elimu, likiongozwa na Profesa Raphael Munavu. Kuna lalamiko jingine, hata hivyo, ambalo ni vigumu kulipeleka mbele ya hakimu, kwa sababu anayelitamka huogopa kuonekana mvivu au mzazi asiyejali: wengi wetu mijini hatutaki rangi, gundi, udongo na unga uliokandwa viingie majumbani mwetu. Mtoto wa miaka minne akiomba kuchora hupewa penseli na karatasi. Akiomba rangi ya maji huahidiwa Jumamosi, na Jumamosi ikifika huwashiwa katuni.

Ni rahisi kumlaumu mzazi huyo, na makala za malezi zinazosambazwa mitandaoni humlaumu kila wiki, zikiambatana na picha za watoto wenye viganja vya buluu na manjano, wamekaa kwenye bustani yenye nyasi na bomba la maji kando yao. Anayesafisha baadaye haonekani katika picha. Jijini Nairobi maji ya mfereji hugawanywa kwa zamu, mitaa mingine ikiyapata siku chache tu kwa wiki, na pale ambapo mfereji haujafika maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20. Dar es Salaam nako, mwishoni mwa mwaka 2022, kina cha maji ya Mto Ruvu kiliposhuka, ulitangazwa mgao, na familia zilizozoea kufungua bomba zikaanza kuhangaika na madumu. Katika nyumba ambamo maji ya kuoga, kupikia na kufulia hupimwa, nguo iliyoloa rangi ni suala la bajeti. Kuna pia kuta za nyumba ya kupanga, ambazo mwenye nyumba huzikagua mpangaji anapohama kabla ya kurudisha amana. Kuna saa nazo: mama anayefika nyumbani saa moja na nusu jioni, hajapika wala hajavua viatu, hana nafasi ya kusimamia vidole kumi vilivyojaa gundi. Mzazi wa namna hiyo akisema "leo hapana", amefanya hesabu yake sawasawa.

Sababu nyingine ni ya kimaadili, nayo hupuuzwa na wanaoandika maelekezo ya ufundi wa watoto. Maelekezo mengi yanayotufikia yanategemea chakula: vikombe viwili vya unga wa ngano na kimoja cha chumvi vya kukanda donge la kufinyangia, mchele uliotiwa rangi, maharagwe na tambi za kubandika kwenye karatasi. Mwezi Julai 2022 pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi ilikuwa imepita shilingi 200 nchini Kenya, na serikali ikalazimika kutangaza ruzuku ili bei ishuke hadi 100. Bibi aliyelelewa katika nyumba ambamo punje iliyoanguka iliokotwa hawezi kutazama mchele ukimwagwa sakafuni kwa jina la elimu, nami sioni kwa nini tumtake aweze. Pingamizi lake halihusu uchafu hata kidogo. Anachokikataa ni mtoto kuzoeshwa kwamba chakula ni kitu cha kuchezea, na ana haki ya kusikilizwa, hasa kwa kuwa kumsikiliza hakumnyimi mtoto chochote: udongo, majani makavu, maganda ya mayai, mabua na maranda ya seremala vinapatikana karibu kila mtaa, tena bure.

Hofu ya afya inahitaji kuchambuliwa kwa makini zaidi, maana ndani yake mna mambo ya kweli yaliyochanganyika na visingizio. Rangi ya mafuta iliyobaki baada ya kupakwa mlangoni si ya kumpa mtoto, kwa kuwa baadhi ya rangi hizo huwa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini hayo mwilini kinachojulikana kuwa salama. Udongo uliochotwa mahali penye kinyesi unaweza kuwa na mayai ya minyoo. Donge lenye chumvi nyingi halifai kumezwa, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu hutia kinywani kila anachokishika. Hatari hizi zinaepukika kwa kuchagua vifaa, kuchagua mahali na kunawa kwa sabuni. Ile hofu ya jumla, kwamba mtoto akishika chochote kinachonata ataugua, ni jambo tofauti, na mara nyingi anayelindwa kwayo ni zulia.

Je, mtoto anayenyimwa vitu hivi anapoteza nini hasa? Watetezi wa sanaa huwa wanatia chumvi hapa, wakiahidi kwamba kila anayepaka rangi kwa vidole atakuwa mvumbuzi wa kesho. Faida zinazoonekana ni za kawaida zaidi. Kufinyanga, kuchana karatasi na kubandika huimarisha misuli midogo ya vidole na kiganja, ile ile itakayoshika penseli, na ndiyo maana Friedrich Froebel, Mjerumani aliyefungua shule yake ya watoto wadogo mjini Blankenburg mwaka 1837, aliuweka udongo, ukunjaji wa karatasi na ufumaji miongoni mwa shughuli za msingi za mtoto. Kuna faida ya lugha pia. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walichapisha utafiti ambamo waliwapa watoto wa miezi 16 vyakula na vinywaji visivyo na umbo la kudumu, kama vile juisi na supu, kisha wakavitaja kwa majina ya kubuni. Waliovitia mikono, wakavibinya na kuvimwaga, hasa wakiwa wameketi kwenye kiti chao cha kulia, ndio waliovitambua vizuri zaidi vilipoletwa tena katika umbo jingine. Mantiki yake inaeleweka: kikombe kinatambulika kwa umbo, ila kitu cha majimaji hufuata umbo la chombo chake, kwa hiyo hakuna njia ya kukijua ila kukigusa. Utafiti huo ulihusu chakula na watoto wachanga, haukuhusu rangi na karatasi, na nisingependa kuubebesha mzigo usio wake. Lakini unatosha kumjibu anayedhani kwamba mtoto anayechovya mikono anapoteza muda.

Faida nyingine inatokana na kile kinachokaa mahali pa rangi pale rangi inapokataliwa. Mara nyingi ni simu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unapendekeza mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Simu haichafui, haihitaji maji, wala haiachi alama ukutani, na kwa sababu hiyo gharama yake haionekani jioni ile ile.

Tunasahau pia kwamba uchafu huu si mgeni kwetu. Watoto wa wafugaji wamefinyanga ng'ombe wa udongo vizazi na vizazi, wa pwani wamepika wali wa mchanga kwenye vifuu vya nazi, na kila mahali watoto wametengeneza mipira ya majani makavu ya migomba na magari ya waya. Kazi hizo zilifanyika nje, zikabaki nje, na hakuna mzazi aliyeombwa kukaa chini akakata karatasi pamoja na mwanawe. Siku hizi yamebadilika mambo mawili kwa pamoja. Uwanja umetoweka, kwani mtoto wa ghorofa ya nne hana "nje" anayoweza kuifikia peke yake. Na mtu mzima ameingizwa katika shughuli ambayo zamani haikumhitaji. Mtaala wa Kenya unaitaja wazi nafasi ya mzazi katika kumwezesha mwanafunzi, na huko Tanzania Bara, Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, imeuweka ujifunzaji wa awali sambamba na lishe na afya. Ni sera nzuri kwa maandishi. Zilichokiacha bila kujibiwa ni mahali pa kufanyia.

Kwa maoni yangu mjadala huu unakwama kwa sababu tunachanganya mambo mawili yanayostahili hukumu tofauti. La kwanza ni mradi wa kuonyesha: shule inataka kinyago, kadi au kikapu, kinapaswa kufika kesho asubuhi, kitawekwa alama au kupigwa picha na kutumwa kwa mwalimu. Kila Mkenya anakumbuka utani ulioenea kuhusu sanamu za kuwatishia ndege ambazo wanafunzi wa Gredi ya 4 walitakiwa kutengeneza, na utani huo ulikuwa na msingi, kwani baba na mama ndio waliokesha wakizishona. La pili ni mtoto kuachiwa malighafi aitende atakavyo, bila kitu cha kuonyesha mwishoni. La kwanza lina uchafu, gharama na wasiwasi wa mtu mzima, ilhali mikono ya mtoto inagusa kidogo sana. Mzazi anayelikataa nitamtetea mbele ya mwalimu yeyote. La pili ndilo lenye faida nilizozitaja, na anayelikataa moja kwa moja, mwaka mzima, mahali popote, sina hoja ya kumtetea kwayo.

Tofauti hii si ya nadharia tu. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya katika shule ya awali ya Chuo Kikuu cha Stanford, miongoni mwa watoto waliokuwa tayari wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Walioahidiwa cheti kama malipo ya kuchora walionekana, siku kadhaa baadaye, wakizigusa kalamu zile kwa muda mfupi zaidi kuliko wale ambao hawakuahidiwa kitu. Shule inayogeuza kila donge la udongo kuwa alama inaweza kuua hamu ile ile inayodai kuikuza.

Kwa mzazi mwenye maji kidogo na sakafu moja, basi, shughuli yenyewe inaweza kuwa ndogo sana: sinia moja, donge la udongo linalotosha kiganja, mtoto akiwa na chupi tu kabla ya saa ya kuoga ili maji yale yale yamalize kazi mbili. Chaki juu ya saruji ya barazani hufutika kwa tambara lenye unyevu. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kupewa tambara lake, naye hulifurahia kama sehemu ya mchezo, ingawa atakachokifuta kitabaki kimefutwa nusu. (Wanaodhani uchafu na usafi ni maadui wa jadi wakumbuke kwamba Play-Doh, ile inayouzwa madukani kwa bei isiyo na huruma, ilianza mjini Cincinnati kama dawa ya kusafishia masizi ya makaa kwenye karatasi za ukutani, kabla ya kuingia sokoni kama kitu cha watoto mwaka 1956.)

Hata sinia hiyo ndogo ina mtu anayeiosha. Katika nyumba nyingi za tabaka la kati ni yaya, ambaye hakushirikishwa katika uamuzi na ambaye saa zake za kazi tayari hazina mwisho. Katika nyumba nyingine ni mama. Nimewasikia akina baba wengi wakisifu elimu ya vitendo, na wachache sana wakiulizia ndoo. Ni vigumu kuupima msimamo wa mzazi kuhusu sanaa za watoto bila kwanza kuuliza ni nani nyumbani mwake anayeshika tambara, maana mara nyingi anayekubali na anayekataa hutofautiana kwa jambo hilo tu.

Kuhusu shule, hoja ya kwamba uchafu ubaki darasani, mahali penye vifaa na mwalimu aliyesomea kazi hiyo, ni nzuri kwa watoto walio katika shule zenye vifaa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeyakabidhi masomo ya awali kwa serikali za kaunti, na kaunti zimejenga madarasa mengi tangu hapo, mengine yakiwa na michoro mizuri ya wanyama na herufi ukutani, iliyochorwa na watu wazima. Huduma ya maji nayo iko mikononi mwa kaunti hizo hizo. Wazazi wanaoitwa kwenye mikutano ya hadhara kuhusu bajeti ya kaunti wana haki ya kuuliza kama kila darasa jipya la PP1 lina bomba linalotoa maji na kipande cha ua chenye kivuli, kabla mwalimu hajawaandikia walete gundi.